Usingizi wa Pono: Siku Saba Kisiwani Mafia

Jumamosi. Mbagala hadi Utende

Mama yangu anakaanga samaki Temeke tangu sijazaliwa. Kila alfajiri huenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kununua, na mimi nilijua kuhesabu mafungu ya samaki kabla sijaanza darasa la kwanza. Changu, tasi, pono, kolekole, chewa: nawajua kwa magamba yao, kwa bei, na kwa muda wanaotaka kwenye mafuta. Lakini nimetimiza miaka 34 sijawahi kumwona hata mmoja wao akiogelea. Bahari tunayo mlangoni, inatulisha, na wengi wetu tunaijua kwa juu tu kama mtu anavyoijua paa ya nyumba ya jirani.

Mwaka juzi nilijifunza kuogelea. Mwaka huu nikatimiza akiba ya kwenda Mafia kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Nilipomuaga jirani kwamba nakwenda kuzamia alinishika mkono. "Kuzamia kwenda nchi gani, dada?" Kwa watu wa mjini kuzamia ni kujificha melini. Nikamtuliza: nazamia chini, kisha narudi juu.

Mama yeye alikuwa na ombi moja. "Ukimkuta pono amelala, unitazamie. Nimewalea nyote nikiwaambia mnalala usingizi wa pono, na pono mwenyewe sijamwona amelala hata siku moja." Nikamuahidi. Sikujua kama ni jambo linalowezekana.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu kabla ya jua: Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, kisha tukaacha barabara ya Kilwa na kushika ya Nyamisati. Pale tukangoja maji yajae kidogo, maana kivuko hupita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na ukiwa ndani yake maji ni rangi ya chai ya maziwa. Baada ya saa nzima rangi ikaanza kubadilika: kahawia, kijani, halafu buluu. Mdogo wangu alipiga chafya njia nzima.

Kilindoni tulifika jua likizama. Bajaji ikatupeleka Utende, upande wa pili wa kisiwa, na kwenye lango la hifadhi ya bahari tukakata stakabadhi. Sisi raia tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na wageni. Watu wengi wa Dar hawalijui hilo, wanadhani mahali hapa si pao.

Jumapili. Magoti mchangani

Asubuhi kwanza karatasi. Una pumu? Moyo? Uliwahi kupasuliwa masikio? Una mimba? Una mafua? Mdogo wangu akajibu ukweli kuhusu mafua, na mwalimu akamkatalia papo hapo. Kichwa kina matundu yenye hewa, nyuma ya pua na ndani ya masikio. Unaposhuka maji hukandamiza, na kama njia zimezibwa na makamasi hewa haiwezi kusawazika. Unaweza kupasua ngoma ya sikio. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Akapewa miwani, mrija wa kupumulia na mapezi, aelee juu wakati sisi tuko chini. (Naandika hili kwa wanaopanga safari: ukiwa na mafua usifiche. Karatasi ile si urasimu.)

Mwalimu ni kijana wa hapa hapa Mafia, mtoto wa mvuvi. Alinivalisha suti ya mpira inayofunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na kofia ya mpira juu ya nywele. Nilikuwa nimekuja na hofu ya mavazi, na najua dada zangu wengi wanayo. Kumbe suti ile inasitiri kuliko madera mengi.

Kisha akaniwekea mtungi mbele. "Hii ni hewa hii hii unayovuta hapa, dada, si oksijeni. Imesindiliwa tu." Sindano ya kipimo ilikuwa kwenye 200. Ikifika 50 uwe umeshafika juu. Kinachofanya mtu aweze kuitumia hewa hiyo bila kupasuka mapafu ni kifaa cha mdomoni, regulata, kinachotoa hewa pale tu unapovuta, kwa nguvu ile ile ya maji yanayokuzunguka. Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walikitengeneza mwaka 1943. Gagnan alikuwa na vali aliyoiunda kwa magari yaliyokuwa yakitembea kwa gesi kwa sababu vita ilikausha petroli, wakaigeuza ikawa ya kupumulia baharini.

Sheria kubwa ni moja, na alinirudisha kwayo mara tano: usibane pumzi. Mita 10 chini, msukumo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukivuta hewa ukajaza mapafu huko chini, ukabana, ukapanda, hewa ile inataka kuwa mara mbili kabla hujafika juu. Kwa hiyo pumua. Ukiogopa, pumua. Ukicheka, pumua.

Tulipiga magoti kwenye mchanga, maji mita 2. Kazi ya kwanza: jaza miwani maji, kisha uyatoe kwa kupuliza kwa pua. Maji yaliponigusa pua mwili wangu wote ulisema hapana. Niliruka juu nikikohoa. Mwalimu alipanda nyuma yangu bila haraka, akangoja nimalize. "Hewa unayo mdomoni, dada. Vuta kwanza, fikiri baadaye." Nikarudi. Mara ya pili nikaruka tena. Mara ya nne nilikaa pale chini macho yamefumbwa, maji yamejaa miwani, nikavuta hewa mdomoni, nikaisikia ikiingia kwa mlio wa filimbi iliyozibwa, nikapuliza kwa pua. Nilipofumbua macho miwani ilikuwa kavu, na mbele yangu uduvi mmoja, mwembamba kama uzi, alikuwa amesimama hewani. Nimeandika hewani. Ndivyo ilivyoonekana.

Jumatatu. Milimani

Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa: Mafia yenyewe upande mmoja, Chole katikati, Juani na Jibondo upande wa bahari kuu. Ndani ya ghuba kuna mwamba unaoitwa Milimani, kwa sababu matumbawe yake yamesimama vilele vilele. Mashua yetu ina mashine, lakini nahodha, mzee aliyeanza na ngalawa, bado anaitafuta sehemu kwa kuangalia minazi ya Chole na ncha ya Juani, si kwa simu. Nikamwamkia, "Shikamoo nahodha." "Marahaba mwanangu. Leo maji yametulia, yatakupokea vizuri."

Unajiangusha kinyumenyume, mkono mmoja kwenye miwani. Kelele, viputo, kisha kimya. Tukashuka kwa kamba ya nanga, kila baada ya urefu wa mkono nabana pua na kupuliza taratibu mpaka masikio yafunguke. Mita 3, mita 5, mita 8. Juu yangu nilimwona mdogo wangu ameelea, mikono ametanua.

Kitu cha kwanza nilichokigundua si kwa macho. Kilikuwa mlio: kraa, kraa, kraa, kama mtu anatafuna barafu chumba cha pili. Nikageuka huku na huku. Mwalimu akanielekeza kwa kidole, na hapo nikamwona pono.

Nimepaa magamba ya pono wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Yule niliyemjua ni wa kijani kilichochujuka, anateleza, na ubao unabaki na alama ya maji yake. Huyu alikuwa na rangi za kanga mpya kabla haijatiwa majini: kijani cha jani bichi, buluu kwenye ukingo wa mapezi, mstari wa waridi kuanzia mdomoni hadi jichoni. Alikuwa akipiga mbawa zake za kifuani kama ndege, na mdomo wake, ule mdomo mgumu unaotuvunjia visu, alikuwa akiugongesha kwenye mwamba: kraa. Anageuka, anatazama, anachagua, kraa. Kisha akanyanyuka kidogo, na kutoka nyuma yake likamwagika wingu jeupe. Mchanga. Anatafuna mwamba kwa ajili ya mwani ulioota juu yake, na jiwe analisaga kwa meno mengine yaliyo kooni na kulitoa likiwa unga. Fukwe nyeupe tunazopigia picha, sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa pono.

Nilikaa naye mpaka mwalimu akagonga mtungi wake kunikumbusha tuendelee. Kulikuwa na vitatange wawiliwawili, manjano na weusi. Kulikuwa na mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, ametoa kichwa tunduni, anafumbua na kufumba mdomo. Nilidhani anatutisha, kumbe ndivyo anavyopumua. Kulikuwa na mbono kundi zima, wakigeuka pamoja kama kitambaa kimoja. Nilipoangalia mikono yangu nikashtuka: hina niliyopakwa Ijumaa, nyekundu ya kuiva, imekuwa kahawia chafu. Wekundu ndio unaomezwa na maji kwanza, mita chache tu, na kadiri unavyoshuka dunia inabaki na kijani na buluu.

Kabla ya kupanda tulisimama mita 5 chini kwa dakika 3, tumeshika kamba. Naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inahitaji muda wa kutoka. Ukipanda mbio inatoka kwa viputo ndani ya damu na viungo, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla.

Kwenye mashua nilizungumza bila kukoma. Nahodha alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akasema, "Ungeiona kabla ya mwaka 98." Mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi viumbe vidogo vya mwani vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi anavitapika, anabaki mweupe, na joto lisipopungua upesi anakufa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ilikufa mwaka ule. Mzee anasema ilikuwa kama mtu amepaka chokaa bahari yote. Hifadhi ilikuwa na miaka 3 tu, ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya bahari nchini, kilomita za mraba 822, na watu walikuwa bado wanapambana na wavuvi wa baruti. Baadhi ya sehemu zimerudi. Milimani imerudi. Mwaka 2024 joto likapiga tena bahari nyingi za dunia, na hapa napo vimebaki vilele vyenye mabaka ya kijivu, vimeota manyoya ya mwani. Na ni kwenye mabaka yale ndiko nilikowaona pono wengi, wakisafisha. Mwani ukiachwa utande, tumbawe changa halipati pa kushika.

Usiku nilimpigia mama. Nikamweleza mlio. Akanyamaza kidogo. "Kumbe yale meno yana kazi," akasema. Halafu: "Na kulala?" Nikamwambia bado, mama.

Jumanne. Cheti, na Chole

Mizamio miwili ya mwisho ya mafunzo. Kutumia hewa ya mwenzako, kuelea bila kugusa chochote, kusoma dira. Nimefaulu. Naruhusiwa kwenda hadi mita 18. Niliposaini karatasi mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha.

Jioni tulivuka na dau kwenda Chole. Magofu yamekumbatiwa na mizizi ya miti hadi hujui kipi kinamshika mwenzake. Kwenye miembe wananing'inia popo wakubwa, wale wa Komoro, wamejifunga mbawa kama watu waliojitanda shuka. Wanawake wawili waliokuwa wanasuka ukili walituambia kwamba wiki hii hawaendi pweza. "Maji mafu haya, mwamba hautoki. Ngojeni bamvua." Mwezi ulikuwa nusu juu yetu. Bamvua ndipo maji hujaa sana na kutoka mbali, maji mafu hujaa na kutoka kidogo tu. Mimi nilikuwa nimeshukuru maji mafu kwa sababu mkondo unakuwa mpole kwa mwanafunzi, wao wanayahesabu kama siku za njaa.

Jumatano. Kinasi, na usiku

Kinasi ni mlango. Maji yanayojaa na kutoka Ghuba ya Chole sehemu kubwa hupita hapo, kati ya ncha ya Mafia na Juani, kwa hiyo mkondo wake haufanyiwi mzaha. Unazamia maji yakijaa. Kwanza kwa sababu yanatoka bahari kuu na ni safi. Yakitoka yanabeba tope la ghuba. Pili kwa sababu ukipotea yanakuingiza ndani, hayakutoi nje. Maji yalikuwa yanajaa hadi saa nne asubuhi, sisi tukaingia saa mbili na nusu.

Hapo karibu sikupiga mapezi kabisa. Mkondo ulitubeba kando ya ukuta wa mwamba kama abiria, na kazi yangu ilikuwa kupumua na kutazama. Chewa mmoja mkubwa, ana madoa, urefu wake karibu wa meza ya mama ya kupangia samaki, alikuwa ametulia chini ya jabali akitutazama bila wasiwasi. Nilihesabu kichwani mafungu ambayo angetoa, kisha nikaona aibu, kisha nikaona sina sababu ya kuona aibu: mafungu hayo ndiyo yaliyotusomesha. Lakini mwalimu alinieleza baadaye kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwatoa wakubwa tu, unatoa madume. Hilo sijawahi kulisikia sokoni miaka yote. Ndani ya hifadhi kuna sehemu zisizovuliwa kabisa, na kuna sehemu ambazo wenyeji wanavua kwa masharti ya nyavu na vyombo. Yule chewa anaishi kwa sababu ya mstari kwenye ramani.

Kasa mmoja, ng'amba, alipita, akanyofoa sifongo kwenye ukuta, akaenda zake.

Mchana nikamwomba mwalimu nizamie usiku. Nilimweleza ombi la mama. Hakucheka hata kidogo. "Najua pa kumtafuta," akasema.

Tuliingia saa moja na nusu, Milimani tena, kila mtu na tochi. Sitaficha kwamba niliogopa. Mchana unaona mita 15 mbele, usiku unaona duara la tochi yako tu, na nyuma ya duara ni giza lenye uzito. Nilifuata mapezi ya mwalimu na kusikiliza pumzi yangu. Kisha nikamulika mkono wangu bila kukusudia. Hina ilikuwa nyekundu! Mwanga unatoka karibu, hauna maji ya kupita, kwa hiyo rangi zote zimerudi. Na mwamba ule niliouona mchana wa buluu na kijivu ulikuwa na wekundu wa kila aina, machungwa, zambarau. Matumbawe yalikuwa yametoa vidole vyao vidogo kukamata chakula. Kamba koche alitembeza ndevu zake nje ya tundu. Sauti ya kutafuna haikuwepo kabisa.

Mwalimu akapunguza mwanga, akaziba tochi kwa vidole, akanipa ishara nisogee polepole. Chini ya jabali, kwenye mwanya usiozidi upana wa sinia, alikuwa amelala.

Alilala ubavu kidogo, ameegemea mwamba. Kumzunguka kulikuwa na kitu nilichokidhani ni plastiki, na moyo ukanishuka. Haikuwa plastiki. Ulikuwa mfuko, mwembamba kuliko utando wa yai, unaona ndani yake kama kioo chenye mvuke, na juu yake vimenasa vijichembe vya mchanga vinavyometameta. Mfuko wote ulikuwa ukitikisika kidogo kwa mwendo wa maji, na yeye ndani yake hatikisiki. Ni ute wake mwenyewe. Baadhi ya pono huutoa mdomoni kila usiku wanapotaka kulala, wakajifunika nao mwili mzima, na asubuhi wakatoka. Wataalamu wamepima wakaona kwamba unawakinga na vijidudu vinavyotembea usiku kunyonya damu ya samaki. Chandarua, kwa neno jingine. Pono hulala ndani ya chandarua.

Nilisogea mpaka nikawa umbali wa mkono mmoja. Mashavu yake yalipanuka na kurudi, kwa nafasi kubwa sana, nikahesabu pumzi zangu tatu kwa moja yake. Rangi zake zilikuwa zimefifia, mabaka mabaka, kama nguo zilizokunjwa. Na jicho lilikuwa wazi. Pono hana kope, hana cha kufumba. Alinitazama moja kwa moja na hakuniona.

Sijui tulikaa pale muda gani. Kompyuta ya kuzamia niliyovaa mkononi inasema dakika 4. Tulipoondoka mwalimu akaniashiria nizime tochi, na nilipopunga mkono gizani cheche za buluu zikaruka kutoka vidoleni. Ni viumbe wadogo wa baharini wanaowaka wakiguswa. Wavuvi wa hapa wanazijua tangu zamani, huwaonyesha samaki anapopita.

Alhamisi. Papa potwe

Siku ya mwisho haizamiwi na mtungi kwa wanaopanda ndege. Mwili unahitaji kama saa 18 kutoa naitrojeni kabla ya kuruka. Sisi tunarudi na kivuko, lakini leo ni zamu ya mdogo wangu, na kwa papa potwe hakuna anayetumia mtungi. Ni miwani, mrija na mapezi.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anakula uduvi na viumbe wengine wadogo anaowachuja kwa kufungua mdomo. Upande wa Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, hukusanyika karibu na pwani, maji yanayopokea rutuba ya Rufiji, na wavuvi wa dagaa hutega nyavu zao pale pale. Kwa ndugu zetu wa Kenya anaitwa papa shilingi. Wazee husema Mungu alipomuumba alifurahi hata akamrushia sarafu mgongoni. Madoa hayo hayafanani kwa wawili. Watafiti hupiga picha ubavuni, nyuma ya mashavu, na programu inayotokana na hesabu za wataalamu wa nyota za angani humtambua kila mmoja.

Saa moja asubuhi nahodha aliona pezi. Maelekezo: mita 3 kutoka ubavuni, mita 4 kutoka mkiani, usimguse, usimzuie njia, watu wasizidi 10 majini. Mdogo wangu aliingia wa kwanza. Nilipoweka uso majini niliona kwanza ukungu wa kijani, kisha ukungu ukawa na madoa, kisha madoa yakawa kichwa kipana kama mlango wa gari. Mdomo wazi. Chazo watatu wamegandia tumboni. Jicho dogo, dogo sana kwa mwili ule, lilizunguka likanitazama, na huyu aliniona. Kama mita 6 za mnyama zikapita kando yangu bila kelele yoyote, na mkia ukapunga mara moja akawa hayupo.

Mara ya tatu tulipokuwa naye boti nyingine ilikuja kwa kasi ikakata mbele yake. Watu kama ishirini wakajirusha kichwani pake, mmoja akamshika pezi la mgongoni akitaka picha. Papa alizama wima. Ikawa basi kwa asubuhi ile, kwao na kwetu. Nahodha alisimama akawapigia kelele, mzee wa watu, mpaka sauti ikamkauka. Niliumia sana. Samaki yule hana jino la kumtisha mtu wala haraka ya kumkimbia, anachokitegemea ni adabu yetu tu.

Mdogo wangu hakuzungumza mpaka tulipofika gati. Kisha akaniuliza mafua yanachukua siku ngapi kuisha kabisa, na mwakani likizo yangu ni lini.

Ijumaa na Jumamosi. Nyumbani, Feri

Kivuko, mikoko, Bungu, foleni ya Mbagala. Tulifika usiku. Mama alikuwa hajalala. Nikamweleza yote: mwanya, mfuko, mchanga unaometa, mashavu yanayokwenda polepole. Nilipofika kwenye chandarua akasema "Subhanallah" na kushika kifua.

"Na macho?"

"Wazi, mama."

Alfajiri nikamsindikiza Feri. Akapita meza kwa meza kama kawaida yake, anabonyeza, anafunua mashavu, ananusa. Kwenye meza ya nne kulikuwa na pono, mkubwa, wa kijani. Akamnyanyua kwa mikono miwili.

"Huyu wa lini?"

"Wa usiku huu, mama. Kakamatwa kwa tochi, mbichi kabisa."

Mama alimgeuza, akamtazama jicho. Muuzaji akasubiri. Nyuma yetu wachuuzi walikuwa wanasukumana na mikokoteni ya barafu.

"Na changu leo unauzaje?" akauliza, akamrudisha pono pale alipomtoa.